Ukuta Ndani ya Gemu

Shemeji alinipigia simu jioni moja nikiwa bado kazini, mikono imejaa grisi, akasema bomba la nyumbani kwao linagonga.

"Linagonga vipi?"

"Linagonga tu, shemeji. Njoo ulisikie mwenyewe. Uje kabla mdogo wako hajakaa kwenye gemu yake."

Sikuelewa gemu na bomba vinakutana wapi. Lakini nimekuwa fundi bomba kwa miaka ishirini na miwili, na katika kazi hii mteja hukueleza habari zote isipokuwa ile unayoitafuta. Mmoja aliwahi kuniambia sinki lake lilianza kuziba siku mama mkwe alipohamia. Unaitikia, unafungua, unatoa nywele, unakwenda zako. Nikabeba mkoba wa spana, nikatoka.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Mdogo wangu na mkewe wanakaa nyumba ndogo, vyumba viwili na sebule, na ukuta wa sebule ndio huohuo wa jikoni. Mabomba niliyapitisha mimi mwaka waliooana. Umeme aliupitisha yeye, kwa sababu ni fundi umeme. Watu humwita Waya, kwa kazi yake na kwa mwili wake pia, maana akigeuka upande humwoni.

Nilimkuta shemeji jikoni, amekaa kwenye kigoda bila kuwasha taa. Kabla sijamsalimu nikasikia harufu ya saruji mbichi. Ile harufu ya mfuko uliopasuliwa sasa hivi na kumwagiwa maji.

"Mnajenga?"

"Nani ajenge?" Akanigeukia. "Kumbe na wewe unaisikia. Nilidhani ni mimi tu."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wateja. Bomba hugonga maji yakikatizwa ghafla, au hewa ikinaswa ndani, au kibano kinacholishika ukutani kikilegea. Si jambo la kumnyima mtu usingizi. Nikafungua koki ya sinki, nikaifunga kwa nguvu. Kimya. Nikaenda ya bafuni, nikafanya vilevile. Kimya. Nikarudi jikoni, nikaweka sikio ukutani.

"Subiri," shemeji akanong'ona. "Subiri awashe."

Sebuleni mashine ya gemu ikalia kidogo, ikawaka. Ukaja muziki mwembamba wa kinanda, kisha nyayo za mtu anayetembea kwenye maji. Nyumba nzima hapakuwa na koki iliyo wazi.

Ngo, ngo...

Kimya.

Ngo.

Shemeji akaniuliza ni hewa au ni kibano. Nilikuwa namjua mtu anayegonga hivyo.

Baba yetu alifariki mimi nikiwa na miaka kumi na minne na Waya mitano. Aliyenichukua kazini ni mwashi mmoja aliyeitwa Timazi, kwa ile kamba yenye kichuma mwishoni ambayo fundi huining'iniza ajue kama ukuta umesimama wima. Yake ilikaa mfukoni hata siku za harusi. Alinibebesha zege mwaka mzima, akaona mikono yangu inapenda mabomba kuliko matofali, akanitafutia fundi wa kunifundisha. Waya alipokua, yeye ndiye aliyempeleka chuo cha umeme. Hakuwahi kutwambia tumwite baba, na sisi hatukuwahi kumwita, lakini mtu akituuliza wazazi wetu ni nani, yeye alikuwemo.

Plasta ikikauka, Timazi alipita ukuta mzima akiugonga kwa kifundo cha kidole. Mbili, anasikiliza, kisha moja. Penye uwazi nyuma ya plasta husikika kama tumbo la mtu mwenye njaa. "Ukuta unasema," alikuwa akituambia. "Ila hauna subira na mtu asiyesikiliza."

Mwaka juzi tulikuwa sote watatu kwenye jengo moja la ghorofa nne. Saa tatu asubuhi nilitoka nje kuchukua viungio vya bomba, na jengo likakaa chini nyuma ya mgongo wangu. Sina namna nyingine ya kulieleza. Lilikaa, kama mzee aliyechoka. Kipande cha ukuta kikanivunja mfupa wa bega. Wengine walikuwa bado hawajaanza kazi. Ndani, chini ya kifusi, walibaki wawili. Waya alikuwa upande wa ngazi akivuta nyaya. Timazi alikuwa chumba cha tangi la maji, upande wa pili.

Waokoaji walipofika, wakazima injini zote na kuamuru watu wanyamaze. Tukasikia mtu anagonga bomba. Mmoja tu.

Kapteni wao alinifuata pale nilipokaa nimefungwa mkono. Alikuwa mtu mpole, uso wote vumbi. Akachuchumaa.

"Wako wawili, anayegonga ni mmoja," akasema. "Nikifungua pande zote mbili kwa pamoja, kilichobaki kitawaangukia. Lazima nianze upande mmoja. Wewe ndiye uliyeyafunga haya mabomba. Hilo linalogongwa linatoka upande gani?"

Lilitoka chumba cha tangi. Nililijua kama ninavyojua kiganja changu. Na hata kama nisingelijua bomba, niliujua ugongaji wenyewe. Mbili, kimya, moja.

Nikasema, "Linatoka upande wa ngazi. Huyo ni mdogo wangu."

Walichimba upande wa ngazi kwa muda wa saa saba, kwa mikono na kwa mashine. Saa kumi na moja jioni wakamtoa Waya, amezimia, anapumua. Timazi walimtoa siku ya tatu. Sikumwambia mtu yeyote. Sikumwambia mke wangu. Nilibeba jeneza kwa bega lililo zima.

Sasa nilikuwa jikoni kwa mdogo wangu, na ukuta unagonga.

Niliingia sebuleni. Waya alikuwa kwenye zulia, miguu ameikunja, pedi ya gemu mkononi, mwanga wa televisheni unamchora mifupa ya uso. Tangu alipotoka hospitali hakurudi kazini. Alicheza gemu tu, na za aina moja tu, zile za kutisha, ambazo wewe ni mtu dhaifu mahali penye giza, una tochi na risasi tatu, na kitu kinakutafuta. Sote tulimsema kwa hilo. Mimi niliwahi kumwambia kuwa aliyeumwa na nyoka hafugi nyoka.

"Kaka," akasema bila kugeuka. "Umekisikia."

"Nimesikia bomba."

"Kaa."

Nikakaa. Kwenye kioo msichana mwenye tochi alikuwa anatembea chini ya hospitali iliyohamwa, maji yanamfika magotini. Waya alimtembeza polepole sana. Kila hatua tatu alisimama, akasikiliza.

"Hilo dude linasikia," akaniambia. "Halioni, linasikia. Ukikimbia umekufa. Betri ya tochi ni moja, kwa hiyo unatembea gizani ili ubakishe mwanga wa baadaye."

"Na unapenda hivi?"

Alifikiri. Mdogo wangu si mwepesi wa kujibu.

"Watu wanadhani napenda kuogopa," akasema. "Kuna chumba humu ndani, kina taa ndogo na kiti. Ukiingia, muziki unabadilika, hakuna kitu kinachoweza kukufuata. Hapo ndipo unaposevu, ukifa unarudi hapo. Nakipenda kile chumba, kaka. Ila ukikaa humo tu, unakuwa hujatoka popote, kinakuwa chumba cha kawaida. Lazima uende gizani kwanza."

Msichana akapita mlango. Kitu kikaburuta mguu mahali fulani. Waya akazima tochi, na sebule nzima ikawa nyeusi.

"Na kuna jingine," akanong'ona gizani. "Siku ile mlikuwa mnaogopa nyote. Wewe nje, mke wangu nje, Mzee Timazi ndani. Mimi peke yangu nilikuwa nimelala. Nilifumbua macho hospitali, yamekwisha. Ile hofu yangu sikuwahi kuipata. Nakuja kuitafuta huku."

Kile kitu kikapita. Akawasha tochi. Mbele yake palikuwa na ukuta mtupu, umepigwa plasta vizuri, hauna mlango wala mchoro.

"Hapa," akasema. "Nimesoma mtandaoni kila walichoandika wachezaji wengine. Kwao hapa ni ukuta tu. Wanageuka, wanaendelea."

Ngo, ngo...

Ngo.

Harufu ya saruji ikanijaa puani. Nikasimama, nikatoka nje karibu kwa mbio, nikafunga koki kuu. Nikarudi, nikafungua kila koki ya nyumba mpaka ikatema hewa na kukauka. Mabomba yote yakawa matupu. Bomba tupu haligongi, muulize fundi yeyote. Nikachukua rimoti, nikaizima sauti ya televisheni.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameikumbatia kifuani.

Ngo, ngo...

Ngo.

Waya akaninyooshea pedi. "Shika."

Sikutaka. Nilishika. Na ile pedi ikatetemeka viganjani mwangu. Mara mbili. Ikatulia. Mara moja. Si kwa nguvu. Kama kidole cha mtu mzima anayepima ukuta.

Kisha televisheni, ambayo nimeizima sauti mimi mwenyewe, ikasema. Ilikuwa sauti ya chini, yenye vumbi, isiyo na hasira hata kidogo.

"Fundi... Hilo bomba linatoka upande gani?"

Shemeji alikuja kuniambia baadaye kwamba yeye alisikia mchakacho tu, kama redio iliyopotea stesheni. Waya alisikia maneno. Nilijua, kwa sababu aliacha kuangalia kioo, akaanza kuniangalia mimi.

"Kaka," akasema. "Siku ile mimi niligonga?"

Pedi ilikuwa bado mkononi mwangu. Ilikuwa imepoa.

"Hapana," nikasema.

"Nilijua. Mikono yangu ilikuwa chini yangu, yote miwili. Kapteni alikuja hospitalini akanipa pole, akasema mimi ni mwanaume, nimegonga kwa muda wa saa sita bila kuacha. Mke wangu analia kwa furaha. Nikanyamaza. Nikasema kaka atakuja aniambie. Nimengoja mwaka na miezi saba."

Nikamweleza yote. Kapteni, bomba, nilichojua, nilichosema. Sikujitetea, ingawa nilikuwa nimeutayarisha utetezi huo kwa mwaka na miezi saba. Shemeji aliketi pale pale mlangoni alipokuwa amesimama.

Waya akasikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akazima mashine. Kugonga kukakoma.

"Ungesema kweli," akasema, "ningekufa."

"Pengine. Sikujua hata kama u hai. Nilibahatisha."

"Na Mzee angetoka."

"Angetoka."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akapotea.

"Usiniombe nikusamehe," mdogo wangu akasema. "Nikikusamehe itakuwa kama nimekubali. Na siwezi kukulaumu, kwa sababu niko hapa, napumua. Sijui nifanye nini na wewe, kaka."

Kesho yake nilirudi mchana, nikabomoa plasta ya ukuta ule. Nikakuta kibano kimoja kimelegea, bomba linacheza upana wa kucha. Nikakikaza. Shemeji alifurahi, akasema basi lilikuwa ni bomba. Nikamwacha na furaha yake. Kibano kilicholegea hueleza bomba lenye maji. Sikumweleza zaidi.

Jumapili tukaenda, mimi na Waya, kwa mjane wa Timazi. Tulimkuta uani anaanua nguo. Alitupokea kama anavyotupokea siku zote, kwa kutugombeza kwamba tumekonda, akatuletea viti na chai. Nikaanza kusema kabla chai haijapoa, kwa sababu nilijua ikipoa sitasema.

Hakunikatiza. Alikuwa na shati la mtoto wa jirani mapajani, akawa analikunja, analikunjua.

"Nilikuwepo pale," akasema nilipomaliza. "Kwenye kamba waliyotuzuia nayo. Nami nilisikia kugonga. Nimeishi na yule mtu miaka thelathini na moja, mwanangu. Alikuwa anagonga meza akisubiri chakula. Alikuwa anagonga kitanda akiwaza. Nikamwambia kijana mmoja wa waokoaji, huyo ni mume wangu. Akaenda kuuliza, akarudi. Akasema, mama, fundi bomba amethibitisha, huyo ni mdogo wake."

Akaliweka shati kando.

"Nikajiambia fundi anayajua mabomba yake. Nikajiambia uchungu umenitia wazimu. Wakaniambia niende nyumbani nikapumzike, nikaenda. Nilikuwa nimelala kwenye hicho kitanda wakati yeye anagonga."

Hatukunywa chai ile. Waya alikuwa analia bila sauti, machozi yanamdondokea kwenye magoti. Mimi sikuweza hata hilo.

"Aliacha saa ngapi?" mama akauliza.

"Saa tisa alasiri."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa ya gari. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Akauliza kuhusu ukuta. Waya alikuwa ametaja ukuta unaogonga kwenye gemu kwa neno moja tu, na yeye alikuwa amelishika.

"Anakuja kwenu," akasema polepole. "Kwangu hajaja hata siku moja. Hata ndotoni. Naacha mlango bila komeo." Akamgeukia Waya. "Hiyo gemu mtu wa umri wangu anaweza kuicheza?"

Tulidhani atachoka baada ya siku moja. Hakuchoka. Sasa huu ni mwezi wa nne. Kila jioni, kazi za nyumbani zikiisha, huja kwa Waya, anavua viatu mlangoni, anawekewa mto chini ya mgongo. Mwanzoni alikuwa anamgongesha msichana kwenye kila ukuta, na lile dude likamla mara nyingi hata Waya akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Mama hakutishika nalo. "Liache," alisema. "Lina njaa tu." Alijifunza kutembea bila sauti. Alijifunza kuhesabu betri. Akifika kile chumba chenye taa hukaa humo muda mrefu, pedi ameilaza mapajani, anasikiliza kinanda. Waya naye amerudi kazini, nusu siku. Mimi na yeye tunazungumza, lakini hatujawahi tena kulitaja lile. Hunipa kiti, hanipi mgongo. Ndiyo hali yetu.

Kisha mama humaliza kupumzika, anaingia gizani, na anafika ukutani.

Hasikii kitu.

Anasogea mpaka paji la uso linakaribia kugusa kioo. Anashika pumzi. Waya naye siku hizi hasikii. Anasema tangu tulipozungumza ukuta umekuwa kama wa watu wengine wote. Nabaki mimi. Huwa nimekaa nyuma yao, kwenye kiti cha karibu na mlango, na mama hugeuza shingo kidogo, bila kunitazama.

"Unasikia kitu, mwanangu?"

Siku ya kwanza aliponiuliza, niliutazama mlango. Nilikuwa naulizwa swali lilelile, na mtu mwingine mpole, na ningeweza kusema lolote.

"Nasikia, mama," nikasema.

"Anagongaje?"

"Mbili. Ananyamaza. Halafu moja."

Akaweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo mpaka Waya akalazimika kumkumbusha lile dude.

Tangu siku hiyo huuliza kila jioni, nami namjibu kweli. Huniuliza kama anagonga kwa nguvu, namwambia. Huniuliza kama ni kidole au ni chuma, namwambia ni kidole. Anarudi kwake ametulia, Waya anamsindikiza mpaka mlangoni, na nimesikia kwamba siku hizi analala.

Kuna moja tu sijamwambia. Nimeanza kuangalia saa. Mwanzoni kati ya zile mbili na ile moja ilikuwa pumzi moja. Mwezi uliopita ilikuwa nusu dakika. Jana jioni, baada ya zile mbili, nilingoja na mama akangoja, kiganja chake kwenye kioo, na msichana wa tochi amesimama ndani ya maji, betri inakwisha.

Ilichukua dakika nne.